Kitonga Haijahama

Kwenye rafu ya gereji moja ya Iringa mjini, kati ya kopo la grisi na redio ambayo haizimwi, kuna pistoni iliyopasuka kichwani. Ilitoka kwenye gari la baba yangu. Fundi mwenye gereji huwaonyesha vijana wanaokuja kujifunza kazi kwake, kisha huirudisha mahali pake. Vijana huambiwa kwamba gari lilifungwa turbo kwa haraka. Hawaambiwi kwamba haraka ile ilikuwa yangu.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia. Mwaka jana, kwenye somo la historia ya teknolojia, tulitakiwa kuchagua chombo kimoja na kukifuatilia tangu kilipobuniwa mpaka kilipoingia kwenye maisha ya watu tunaowajua. Wenzangu walichagua redio, cherehani, simu ya mkononi. Mimi nilichagua injini ya dizeli, na mwalimu akadhani napenda magari. Sipendi magari. Nilikuwa natafuta namna ya kuelewa jambo nililolifanya.

Baba anafanya biashara ya vitunguu. Hununua Ruaha Mbuyuni, kule bondeni ambako joto na maji ya mto hustawisha vitunguu, na huuza Iringa mjini. Kati ya sehemu hizo mbili kuna Kitonga. Aliyewahi kupanda basi la Mbeya anaijua: barabara inajikunja ubavuni mwa mlima, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine, nyani wamekaa kando wakisubiri ganda la ndizi, na malori yanapanda kwa mwendo wa mtu aliyebeba ndoo kichwani. Lori likikutangulia kwenye kona, utalifuata mpaka juu.

Barabara hiyo ina siasa ndani yake. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru, Zambia ilijikuta njia yake ya kusini ya kufika baharini imeshikwa na utawala isioukubali. Mafuta na shaba vikaanza kusafirishwa kwa malori kati ya Zambia na Dar es Salaam, kwenye njia ya vumbi na matope iliyoua magari na watu hata ikapachikwa jina la jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa mwaka 1968, reli ya TAZARA ikajengwa kuanzia 1970 hadi 1975, na barabara ikawekwa lami. Mlima wenyewe haukuondolewa. Kila gunia linalopita pale linainuliwa na injini ya mtu fulani.

Injini ya Baba inaitwa 1HZ. Iko ndani ya Land Cruiser pikapu, lile ambalo watu huliita mkonga kwa sababu ya bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele. Alilinunua mnadani baada ya mradi mmoja kufungwa. Toyota walianza kuitumia 1HZ mwaka 1990: silinda sita, ujazo wa lita 4.2, nguvu za farasi zipatazo 130. Haina turbo. Inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Utaikuta kwenye ambulensi, mbugani, migodini na kwenye misafara ya misaada, kwa sababu inavumilia shida na fundi asiye na kompyuta anaweza kuifungua na kuifunga.

Udhaifu wake ni mlima. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Baba alikuwa anapanda na injini inayochoka, amebeba mzigo, nyuma ya malori ambayo hakuwa na ubavu wa kuyapita. Sokoni, anayefika alfajiri anauza; anayefika saa tatu anabembeleza. Mwaka 2021, nikiwa likizo ya mwaka wa tatu chuoni, nilimwona akibembeleza asubuhi nne mfululizo. Ya tano nilifungua simu nikaanza kusoma habari za turbo.

Niliielewa haraka, au nilidhani hivyo. Turbo ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha gurudumu la kwanza. La pili linasukuma hewa kuingia kwenye silinda. Hewa ikiongezeka, unaweza kuongeza dizeli. Dizeli ikiongezeka, nguvu inaongezeka. Kisha nikagundua jambo lililonimaliza kabisa: Toyota wenyewe walikuwa na injini nyingine ya mwaka huohuo, 1HD-T, ya lita zilezile 4.2 na silinda zilezile sita, ila ina turbo na nguvu za farasi zaidi ya 160. Nikatoa 130 kwenye 160. Nikaona kwamba tofauti ya injini hizo mbili ni kifaa kimoja, na kwamba Baba alikuwa anateseka kwa kukosa kifaa hicho.

Tulikwenda kwa Fundi, ambaye amelitunza gari lile tangu litoke mnadani. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifuta mikono.

"Mwanangu, hii imezaliwa bila turbo," alisema. "Inaweza kufungwa, sikatai. Lakini nipeni mwezi mmoja. Nishushe silinda hedi, nitazame ndani kuna hali gani. Nitafute kipimo cha joto la moshi. Nipime nozeli. Turbo nitaifunga mwisho kabisa."

Mwezi mmoja bila gari ni mwezi mmoja bila vitunguu. Nilimwambia kwa adabu, ile adabu ya mtu anayejua ameshashinda, kwamba kuna gereji nyingine inafanya kazi hiyo kwa siku tatu. Nikamtajia namba zangu. Fundi alimtazama Baba. Baba akasema, "Mwache, mzee mwenzangu. Huyu amesoma."

Sentensi hiyo nimeibeba kuliko kitabu chochote nilichowahi kuazima maktaba.

Wiki tano za mwanzo zilikuwa za furaha. Baba alinipigia chuoni: "Mama, leo nimeyapita malori manane." Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Alifika sokoni kabla ya adhana. Na nguvu ilipoongezeka, magunia nayo yaliongezeka: alizoea kupakia kumi na mawili, sasa alipakia kumi na sita. Nyuma ya gari kulikuwa na moshi mweusi, na yeye aliusoma kama dalili ya uzima. Gereji ile ilikuwa imeifungua pampu, maana yake imeongeza kiasi cha dizeli kinachoingia, bila kuweka kipimo chochote cha kumwambia dereva kwamba moto umezidi.

Wiki ya sita, katikati ya Kitonga, injini iligonga mara kadhaa kama mtu anayebisha hodi, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Gari likaanza kurudi nyuma. Breki ya mkono haikutosha kwa magunia kumi na sita. Tandiboi aliruka na jiwe, akalisukuma chini ya tairi la nyuma, likateleza, akaweka la pili. La pili likashika. Baba alinisimulia hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo maana nilijua kwamba aliogopa.

Vitunguu vilikaa juani siku mbili. Fundi aliposhusha silinda hedi, akakuta pistoni moja imepasuka na ufa kwenye hedi yenyewe, palepale kwenye kijichumba ambacho dizeli huanzia kuwaka. Baba aliuza kiwanja. Mdogo wangu, aliyekuwa ameshapata nafasi chuoni, alisubiri mwaka mmoja nyumbani. Hakuna aliyenilaumu, hata kwa kuniangalia.

Nilipoanza kuandika kazi ile ya darasani, nilitegemea kukuta historia ya watu waliotafuta nguvu. Nilikuta historia ya watu waliohangaika na joto.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858 kwa wazazi wa Kijerumani. Mwalimu wake, Carl von Linde, alikuwa bingwa wa mashine za kupozea, na Diesel alianzia kazi huko, kwenye barafu. Alichotaka ni injini isiyopoteza joto jingi kama ya mvuke. Mwaka 1892 aliomba hataza. Mwaka uliofuata, huko Augsburg, jaribio la kwanza lilirusha kipimo cha mgandamizo vipande vipande. Ilimchukua mpaka 1897 kuonyesha injini iliyofanya kazi sawasawa: nguvu za farasi zipatazo 20, ikigeuza kama asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Dunia ilishangaa, na ilikuwa na haki ya kushangaa. Lakini nilipoisoma namba hiyo nilijiuliza kuhusu zile asilimia 74 nyingine. Zilikwenda kwenye maji ya kupozea, kwenye chuma, na kwenye moshi.

Mwaka 1879, kabla ya kumaliza masomo, Diesel alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha Sulzer huko Winterthur, Uswisi. Mwaka huohuo, katika mji huohuo, alizaliwa Alfred Büchi, ambaye baba yake alikuwa mkubwa katika kiwanda hicho. Büchi alisomea uhandisi, na jambo lililomkera ni ule moshi: joto lote lile linatupwa hewani. Mwaka 1905 aliomba hataza ya mtambo ambao moshi ungeendesha kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini. Ndiyo turbo. Wazo lilikuwa limekamilika kwenye karatasi, na yeye alikuwa na umri wa miaka 26, karibu sawa na wangu ninapoandika haya.

Wazo hilo lilianza kufanya kazi vizuri kwenye injini ya dizeli mwaka 1925. Miaka ishirini. Nilipofika hapo niliacha kusoma, nikatoka nje ya maktaba nikakaa kwenye ngazi.

Miaka hiyo ilikuwa na sababu zake. Ilihitajika mapanga yanayovumilia moshi wa moto, na pampu ya hewa isiyokula nguvu yote inayozalishwa. Na kulikuwa na swali la injini yenyewe: utaipaje moto zaidi bila kuiunguza? Sehemu ya jibu la Büchi ilikuwa kuacha vali za kuingiza na za kutoa zibaki wazi pamoja kwa muda mfupi, ili hewa mpya ipite ikisafisha silinda na kuipoza. Turbo yake ilileta moto na upepo wa kupoza kwa pamoja. Meli mbili za Kijerumani za abiria, Preussen na Hansestadt Danzig, ziliwekewa mfumo huo mwaka 1926, na injini zilizokuwa na nguvu za farasi 1,750 zikafikia 2,500.

Hata suala la mlima lilishapimwa zamani. Mwaka 1918 mhandisi wa Marekani, Sanford Moss, aliipandisha injini ya ndege ya petroli, aina ya Liberty, hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, zaidi ya mita 4,000. Injini iliyotoa nguvu za farasi 350 kule chini ilitoa 230 kileleni; alipoifungia turbo ilitoa 356. Kwa hiyo niliyomwambia Baba hayakuwa uongo. Turbo inarudisha kile ambacho mlima unakinyang'anya. Namba zangu zote zilikuwa sahihi.

Kilichokosekana kilikuwa ndani ya 1HZ. Mwaka 1909, Prosper L'Orange wa kampuni ya Benz alipata wazo la kuipa silinda kijichumba cha pembeni: dizeli inapuliziwa humo, inaanza kuwaka, kisha ndimi za moto zinatoka kwa tundu dogo kwenda kwenye silinda. Injini ikawa tulivu, ikakubali mafuta ya aina nyingi. Bosch walipoanza kutengeneza pampu za dizeli kwa wingi mwaka 1927, injini hizo zikawa ndogo kiasi cha kuingia kwenye gari, na mwaka 1936 Mercedes-Benz wakatoa 260 D ya abiria. 1HZ ni ya ukoo huo wa kijichumba. Tundu linaloifanya iwe tulivu ndilo linaloelekeza moto sehemu moja ya pistoni na sehemu moja ya hedi. Kwa dizeli kidogo, hakuna tatizo kwa maelfu ya kilomita. Ongeza dizeli, na pale pale panaanza kuchoka. Pistoni ni aloi ya alumini. Alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, na mafundi waangalifu hawapendi kuona moshi ukivuka nyuzi 700 kwa muda mrefu. Kinachoiokoa pistoni ni kwamba joto linapata pa kwenda kabla halijatulia. Baba alipanda Kitonga kwa robo tatu ya saa akiwa amekanyaga mafuta mpaka chini. Joto halikupata pa kwenda.

Nayo 1HD-T, ile niliyodhani ni 1HZ yenye kifaa cha ziada, ilikuwa injini nyingine. Haina kijichumba: dizeli inapuliziwa moja kwa moja juu ya pistoni. Mgandamizo wake ulipunguzwa hadi 18.6 kwa 1, wakati wa 1HZ ni zaidi ya 22 kwa 1. Pistoni zake ni za umbo jingine na hedi ni nyingine. Waliobadilisha yote hayo ni Toyota, wenye maabara na wahandisi, na hata hivyo zile za mwanzo zilijulikana kwa beringi za konrodi kulika mapema. Mimi nilitoa 130 kwenye 160 nikapata turbo.

Aprili hii nilikwenda Iringa, nikaenda gereji peke yangu. Nilimwamkia Fundi, akaitikia na kunivutia kiti kisicho na mgongo. Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yalitoka machache. Akasema, "Ilikwisha, mwanangu," halafu akauliza nasoma nini siku hizi. Nikamsimulia habari za Büchi.

"Miaka mingapi?"

"Ishirini."

"Na alikuwa na kiwanda?"

"Kiwanda kikubwa."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi niliomba mwezi mmoja."

Kisha akaishusha pistoni kutoka kwenye rafu, akaniwekea mkononi. Ni nzito kuliko nilivyotegemea. Akanionyesha kwa kidole cheusi pale moto ulipokuwa unapiga, na jinsi ufa ulivyoanzia hapo. Ilikuwa ni sehemu ileile niliyoisoma kwenye michoro, kwa lugha ya kigeni, baada ya miezi mitatu maktaba. Nilimuuliza alijuaje, siku ile, kabla hatujafunga turbo. Alisema alishazika injini tatu za namna hiyo, na zote zilipasuka hapohapo. Hajawahi kusikia jina la L'Orange. Nilitoa daftari, nikamwomba anisimulie hizo tatu, moja baada ya nyingine, na nikaandika. Ndiyo nusu ya pili ya tasnifu yangu sasa: mafundi wa barabara hii na injini walizozizika.

Siku iliyofuata nilishuka na Baba Ruaha Mbuyuni. Injini ni 1HZ bado, imefanyiwa ovaholi, haina turbo. Tulipakia magunia kumi na mawili. Mguuni pa Kitonga tulikuta lori la saruji limetutangulia, na Baba akaingiza gia ya pili bila kunung'unika. Nilimuuliza kama hakumbuki zile wiki tano. Alisema anazikumbuka sana, zilikuwa tamu. Nikamwambia Fundi yuko tayari kuifunga turbo, kwa utaratibu wake, akipewa ule mwezi mmoja, na kwamba safari hii nitachangia mimi.

Alipiga mahesabu kimya kimya kwa kona mbili.

"Msimu ukiisha tumpe," alisema. "Kitonga haijahama, mama."

Mshale wa joto ulikuwa katikati. Mbele yetu lori lilivuta moshi wake taratibu, nasi tukalifuata mpaka juu.